Kocha wa Pili Atapanda Ngazi Gani?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Nairobi kwa arubaini ya shangazi yetu, mwanamke aliyeishi Shauri Moyo tangu kabla mimi sijazaliwa. Baada ya hitima na sinia za pilau kuondolewa, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinivuta kando mpaka kwenye kibaraza cha nyumba ya jirani. Akanionyesha simu. Ilikuwa ni mkataba wa kazi ya ulinzi Doha, miaka miwili, chakula na malazi juu ya kampuni, na siku kumi na nane za kujibu.

"Mjomba," akasema, "wewe waandika mambo ya watu kila wiki. Hebu n'ambie na la kwangu."

Kijana huyu ana miaka ishirini na tisa. Alikulia Majengo, Mombasa, akaenda Nairobi kusoma stashahada, akacheza vikapu mpaka goti likamkatalia. Tangu hapo, miaka sita sasa, yeye ni kocha msaidizi wa timu ya wanaume ya chuo kimoja jijini. Ana mke na mtoto wa miaka miwili. Anapanga chumba Shauri Moyo, hatua chache kutoka YMCA. Na sasa anauliza swali ambalo nimeona linatuhusu wengi, hasa wakati huu: je, hii ni kazi, au ni mchezo aliouzidi umri?

Nasema wakati huu kwa sababu Januari 2026 ndio mwezi wa watoto wa kwanza wa mtaala mpya kuingia Gredi ya 10. Wazazi wa Pwani nzima walijaza fomu za kuchagua mkondo. Mikondo ni mitatu, na mmoja wao ni Sanaa na Michezo. Serikali inatuambia kwamba mtoto mwenye mguu au mkono wa mchezo asidharauliwe tena, naye ana njia yake kama yule wa fizikia. Maneno mazuri. Lakini njia huwa na mwisho, na mzazi mwenye busara huuliza mwisho uko wapi kabla hajamtuma mwanawe. Mpwa wangu amekwisha kuitembea. Tumuulize yeye kafika wapi.

Kwanza mtaa wenyewe, maana Shauri Moyo si ugeni kwetu watu wa mwambao. Nairobi ilipokuwa changa, Waislamu waliotoka pwani, pamoja na wenyeji na watu wa bara waliosilimu, walikuwa na vijiji vyao, na kimoja kiliitwa Mombasa. Kingine kilikuwa Pangani. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vilianza kuvunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ilishikilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ikabomolewa, na wenye nyumba wakaelekezwa kwenye mtaa mpya uliojengwa na manispaa. Wazee wa pale husimulia kwamba watu waliambiwa kuhama au kutohama ni shauri ya moyo wa mtu. Jina likabaki. Chaguo lenyewe halikuwa chaguo, maana nyumba zao zilikuwa zinaangushwa. Leo nyumba za manispaa nazo zimechakaa, na maghorofa ya nyumba za bei nafuu yanapanda pembeni. Upande mmoja una Burma na nyama yake, upande mwingine Gikomba na mitumba, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanagonga mabati kutwa. Ringi ya goli anayofundishia watoto wa mtaa siku za Jumapili, mpwa wangu aliichomelesha kwa mafundi hao, kwa pesa zake.

Siku ya pili ya arubaini nilifuatana naye kazini, maana nilitaka kuona kwa macho yangu.

Tulitoka baada ya swala ya Alfajiri. Matatu ya kwanza, kisha ya pili. Saa kumi na mbili kasoro robo tulikuwa uwanjani, yeye akiwa na gunia la mipira begani, kwa sababu stoo ya chuo hufunguliwa saa mbili na wachezaji wana darasa saa mbili. Kocha mkuu alifika saa kumi na mbili na nusu. Mpaka hapo mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwapasha vijana misuli, kumpigia simu mmoja aliyelala, kumfunga mwingine bandeji ya kifundo, na kusimamisha simu yake juu ya kiti ili irekodi mazoezi. Usiku huikata video hiyo vipande vipande, kila mchezaji na makosa yake, akawatumia. Mechi zikikaribia hutazama michezo ya wapinzani na kuandika kwenye daftari nani anapenda kupita kushoto, nani akibanwa hupoteza mpira. Mchezaji akiumia, anayempeleka hospitali ni yeye. Mzazi akipiga simu kuuliza kwa nini mwanawe ameanguka mtihani, anayejibu ni yeye.

Malipo yake ni posho ya nauli kwa kila siku ya mazoezi, inayolipwa ikishapatikana. Chuo kikifunga, posho nayo hufunga. Hana barua ya ajira. Jina lake haliko kwenye orodha ya wafanyakazi. Kwenye fomu ya mechi, ndiyo, limeandikwa: kocha msaidizi. Jina la chuo silitaji, kwa sababu nia yangu si kukiaibisha kimoja wakati vingi vinafanya hivyo hivyo, na kocha mkuu wa pale ni mtu mwema ambaye mara nyingine humpa kijana kutoka mfukoni mwake. Yeye mwenyewe analipwa kwa muda, si kazi ya kudumu.

Katika miaka sita hiyo makocha wakuu watatu wamepita. Mpwa wangu amebaki. Nilimwambia kwamba hiyo ni sifa. Akacheka. "Mjomba, hawawezi kunifuta. Hawajaniandika."

Sasa tutazame kule ambako kazi hii ina jina na ngazi. Marekani mpira wa vikapu wa vyuo ni biashara kubwa, na kocha msaidizi ni cheo kinachojulikana. Kijana aliyemaliza kucheza hujiandikisha shahada ya pili, na chuo humlipia karo na kumpa kijipesa kidogo ili aitumikie timu. Hapo hujifunza kukata video, kupanga safari, kufungua na kufunga ukumbi. Akionekana anafaa hupewa kazi ya video au ya uendeshaji wa timu. Kisha huingia kwenye benchi, nafasi ya mwisho, akapanda mpaka ya kwanza. Kisha chuo kidogo mahali fulani humchukua awe kocha mkuu. Mike Krzyzewski, aliyekuja kuwa jina kubwa kuliko yote pale Duke, alianzia Indiana mwaka 1974 kama msaidizi wa aina hiyo chini ya Bob Knight. Tom Izzo aliingia Michigan State mwaka 1983 akiwa msaidizi wa muda tu, akakaa miaka kumi na miwili chini ya Jud Heathcote, akakabidhiwa timu mwaka 1995, akatwaa ubingwa wa nchi mwaka 2000. Na mwaka 2023 sheria zao zilibadilishwa ili timu ya wanaume ya daraja la kwanza iweze kuwa na makocha wasaidizi mpaka watano, kutoka watatu.

Msinielewe vibaya. Huko nako si peponi. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake kwa kawaida huondoka naye, na mtu anaweza kuhamisha watoto wake miji mitano katika miaka kumi. Na wakubwa huko nako hupenda kubana. Mwaka 1991 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliamua kwamba kocha wa mwisho kwenye benchi asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka, awe hodari namna gani. Hoja yao ilikuwa kupunguza gharama na kuacha nafasi kwa vijana wanaoanza. Makocha walikwenda mahakamani. Wakasema mnapatana bei ya jasho letu kama wafanyabiashara wanaokula njama sokoni. Mahakama ikakubaliana nao, rufaa ya mwaka 1998 ikashikilia hukumu hiyo, na mwaka 1999 chama kikakubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza kesi.

Nilimsimulia mpwa wangu kesi hiyo tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi njiani. Alikaa kimya, kisha akauliza walikuwa na nini mkononi walipoenda mahakamani. Swali la maana sana. Walikuwa na mikataba. Dola 16,000 ilikuwa dhulma, lakini ilikuwa dhulma iliyoandikwa kwenye karatasi, na mtu anaweza kuishtaki karatasi. Wetu angeshtaki nini? Kwamba hakupewa nauli ya Jumanne?

Upo upande mwingine wa kukaa chini kwenye benchi. Septemba 2017 wapelelezi wa FBI waliwakamata makocha wasaidizi wanne wa vyuo vikubwa, Auburn, Arizona, USC na Oklahoma State, kwa kupokea hongo ili wawaelekeze wachezaji kwa mawakala. Wote wanne walikuja kukiri makosa. Kosa ni kosa, na sitawatetea. Ila mtu anayefahamu kazi hii huona kwa nini ni wasaidizi. Msaidizi ndiye anayekaa na mchezaji, anayeijua nyumba yake, anayeaminiwa na mama yake. Mwenye fedha chafu hupita mlango huo kwa sababu ndio ulio wazi. Hapa kwetu mlango huo unalindwa na mtu anayelipwa nauli. Shukrani kwa Mola kwamba wengi wao ni waaminifu, lakini tusiwategee imani zao kuwa ndio mshahara.

Sasa turudi nyumbani kabisa, Kwale.

Wengi wenu mnalijua jina la Madina Okot. Binti wa Mumias, mrefu, aliyesoma Kaya Tiwi, shule ambayo imekuwa ikiibeba Pwani kwenye vikapu vya wasichana kwa miaka. Kutoka Tiwi akaenda Chuo Kikuu cha Zetech. Mwaka 2024 akavuka bahari mpaka Mississippi State, na msimu ulioanza Novemba 2025 akavaa jezi ya South Carolina, mabingwa wa 2017, 2022 na 2024. Ni fahari yetu sote, na nimeona watu wa Diani wakisambaza picha zake kana kwamba ni binti wa ndugu yao.

Lakini angalieni watu waliomzunguka. Aliyempokea Mississippi ni kocha Sam Purcell. Kabla ya kukabidhiwa timu hiyo mwaka 2022 alikuwa msaidizi Louisville chini ya Jeff Walz, na sifa yake kubwa ilikuwa kutafuta vipaji. Yaani jicho lililomwona binti wetu lilinolewa kwa miaka kwenye kiti cha msaidizi, kwa mshahara. Na South Carolina, pembeni ya Dawn Staley, ameketi Lisa Boyer. Huyu mama alikuwa kocha mkuu wa Staley wakati Staley ni mchezaji. Mwanafunzi alipokuwa kocha, mwalimu akaenda kuwa msaidizi wake, kwanza Temple mwaka 2002, kisha South Carolina kuanzia 2008, na yuko naye mpaka leo. Hakuona aibu na hakuhesabiwa kwamba amekwama. Maana yake kule hata asiyetaka kupanda ngazi anaweza kusimama alipo na akala kwa heshima.

Sasa jiulize nani alimfundisha Madina kusimama chini ya goli, kupokea mpira mgongo ukiwa umeelekea ringi, kugeuka bila kutembea. Mambo hayo mtu hakungoji mpaka afike Amerika ndiyo aanze kujifunza. Yalifundishwa kwenye jua la Tiwi na kwenye viwanja vya Nairobi, na watu wenye filimbi na daftari. Simzungumzii kocha fulani. Nazungumzia nafasi. Mtoto anapopaa, wa kwanza kumfundisha hubaki pale pale na mwaka unaofuata huanza upya na mtoto mwingine. Hakuna chuo kinachomwambia: ulitoa yule, njoo huku utufanyie kazi na usome shahada ya pili. Hadithi ni ile ile ya jirani zetu wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet alitoka pale kijana asiyejulikana, akafika chuo cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis wakamchagua wa pili kwa vijana wote walioingia NBA. Dunia ilimjua Hasheem. Benchi la Dar lilipanda vyeo vipi kwa ajili yake?

Watu husema tunapenda makocha wa kigeni. Mimi siwezi kulalamika hivyo kwa moyo safi. Mwaka 2019 Morans walikuwa chini ya Cliff Owuor, Mkenya mwenzetu, wakaleta medali ya fedha ya AfroCan kutoka Bamako. Mwaka 2021 timu ikapewa Liz Mills, Mwaustralia. Februari ile, Yaoundé, Tylor Ongwae akatia mpira ukingoni mwa muda, Angola wakalala 74 kwa 73, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya wanaume kwenye mashindano hayo.

Lakini Mills alitoka wapi? Alifika Zambia mwaka 2011 kufundisha klabu, akawa msaidizi wa timu ya taifa, mwaka 2017 akawa kwenye benchi la Cameroon, akapanda hivyo hivyo kiti kwa kiti. Na mwaka ule ule wa 2021, Kigali, tulipofungwa na Sudan Kusini 60 kwa 58 tukakosa robo fainali, aliyekuwa benchi la pili ni Royal Ivey, kocha msaidizi wa Brooklyn kule NBA. Miaka mitatu baadaye Ivey akawapeleka Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris, na kabla ya hapo wakaitoa jasho Marekani mjini London, 101 kwa 100. Nairobi City Thunder nao, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya BAL, mwaka 2025, walikwenda na Mmarekani, Brad Ibs. Wageni hawa hawajatuibia chochote. Wamekuja na kitu ambacho sisi hatukiwapi watu wetu, yaani miaka mingi ya kulipwa huku wakijifunza. Mpwa wangu naye ana miaka sita ya kujifunza. Kulipwa ndiko kunakokosekana, na mtu mwenye mtoto hawezi kujifunza bila kulipwa mpaka afike arobaini.

Dada yangu, mama yake, ana maoni yake. Alinipigia simu usiku ule. "Wewe usimtie maneno. Mwache aende Doha, wenziwe wamejenga." Na simlaumu. Majengo yetu yote yana nyumba za tofali zilizotoka Ghuba, na wengine waliorudi na maradhi au hawakurudi. Anapozungumza hivyo anahesabu karo ya mjukuu. Mshahara wa mlinzi kule ni zaidi ya mara nne ya posho ya mwanawe katika mwezi mzuri. Mimi nikimwambia abaki kwa ajili ya mapenzi ya mpira, nani atalipa kodi ya chumba? Maneno ya gazeti hayapokewi na mwenye nyumba.

Kwa hiyo nasema na wanaoweza kubadilisha hesabu hiyo.

Vyuo vyetu vinasema havina fedha, na nakubali kwamba hali ni ngumu, wahadhiri wenyewe wamegoma mara ngapi. Lakini mfano wa Marekani ulio rahisi kuiga ni ule wa chini kabisa. Darasa la shahada linaendeshwa, mhadhiri analipwa, kiti kimoja nyuma kiko tupu. Kumpa kocha wa pili kiti kile bila karo, kwa barua yenye muhuri inayosema ni msaidizi wa timu kwa miaka miwili, kunagharimu chuo kidogo sana. Kwa kijana huyu kungekuwa na thamani kuliko posho, kwa sababu angetoka na shahada na cheti cha kazi. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wangeweza kuanza na mtu mmoja mmoja. Mmoja tu.

Kisha kuna hiyo Gredi ya 10. Shule zenye mkondo wa michezo zinahitaji watu, na tume ya walimu huandikisha waliosomea ualimu. Ni sawa, sitaki mtoto wangu afundishwe na yeyote aliyeokotwa. Lakini mtu mwenye cheti cha ukocha na miaka sita uwanjani hana mlango wa kuingilia pale hata kama msaidizi wa mwalimu. Tutapata shule za michezo zenye walimu wa darasani wanaofundisha vikapu kutoka kitabuni, na makocha wa kweli wakiwa nje ya uzio wakiuza barafu. Hapo pana kazi ya wabunge wetu wa Pwani, ambao nawaona kwenye fainali wakikabidhi vikombe.

Na tuna Bandari. KPA ni mfano ambao tunao mlangoni na hatuutazami. Mchezaji wa Bandari anayefanya vizuri ana kazi. Akistaafu kucheza ana kazi. Ndiyo maana timu zao za Makande, wanaume na wanawake, zimedumu miaka yote hii wakati klabu za mitaani huzaliwa na kufa. Kocha wa pili na wa tatu wangeandaliwa ndani ya mfumo kama huo, si kwa hisani bali kwa ratiba: huyu mwaka huu anashika video, mwaka ujao anashika timu ya vijana. Bandari ingekuwa na hazina ya makocha wa kupeleka Kwale, Kilifi na Lamu. Kaunti nazo zina maofisa wa michezo wengi wanaopokea mshahara kwa kuandaa mashindano ya siku mbili kwa mwaka. Nimesema.

Najua yupo atakayeniuliza, Kisauni hakuna maji na wewe unazungumza vikapu. Ni haki yake kuuliza. Mimi naona jambo ni moja. Kijana anafanya kazi ya kweli, kila alfajiri, vijana kumi na watano wanakaa mbali na maskani na unga kwa sababu yake, na hakuna ofisi nchini inayomtambua kuwa yuko kazini. Huko Kisauni wapo wengi wa namna hiyo: walimu wa madrasa, wahudumu wa afya wa mitaani, wazamiaji wanaookoa watu Likoni. Tumezoea kuwaombea dua na kuwapigia makofi.

Siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka barabara ya Jogoo. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi siwezi kumwambia asiende Doha. Nilimwambia pia ajaribu kwanza mlango mmoja, aandike barua kwa vyuo, aeleze anachokijua, aambatanishe kazi yake. Akauliza ataambatanisha nini wakati hana barua hata moja ya mwajiri. Nikamwambia akate video.

Juzi usiku ameileta. Dakika nne. Ni robo ya tatu ya mechi ya mwezi uliopita, na kila mchezaji ana mshale mwekundu aliouchora kwa simu, na chini ameandika kwa Kiswahili kile alichowaambia wakati wa mapumziko na kilichotokea baadaye uwanjani. Nimeitazama mara tatu. Mimi si mtaalamu, lakini niliuelewa mchezo ule kuliko nilivyowahi kuelewa mechi yoyote.

Amebakiwa na siku tano za kujibu Doha. Nimekwisha kupeleka barua yake mahali pawili hapa Pwani. Kama kuna msomaji katika chuo au shule inayotafuta kocha wa pili, mhariri wa tovuti hii anajua namna ya kunipata.